Huruma bila maarifa humlemaza aliyeungua

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeitungia maswali ya mtihani, nimesahihisha insha zake kwa mamia, na kila mara nimewaambia wanafunzi kwamba inawahusu wazazi wanaowadekeza watoto wao. Lakini maana yake kamili sikuifahamu hadi mwaka wa 2016, na aliyenifundisha hakuwa mwana wala mzazi. Alikuwa rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa Hisabati, aliyelala kitandani kwake akilia kwa maumivu, nami nikimchelea.

Nyumba zetu katika makao ya walimu zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Jioni moja ya mwezi wa Juni mwaka huo, aliongeza mafuta ya taa katika stovu ambayo tambi zake hazikuwa zimezimika sawasawa. Kufumba na kufumbua, moto ulimrukia mikononi, kifuani, shingoni na kwenye shavu la kulia. Majirani tulifika mbio, kila mmoja na dawa yake: huyu na dawa ya meno, yule na unga wa ngano, nami, msomi wa watu, nilikuwa na yai mkononi. Aliyetuokoa na ujinga wetu ni mpishi wa shule. Alitusukuma kando, akamvua rafiki yangu saa na pete kabla vidole havijavimba, akayaweka majeraha chini ya maji ya mfereji yakitiririka kwa dakika ishirini hivi. Kisha aliyafunika kwa leso safi na kumfunika mwili uliosalia kwa blanketi ili asishikwe na baridi. Naomba kila mwanafunzi asomaye makala haya ayashike hayo: maji safi yanayotiririka, tena yasiwe ya barafu. Yai, siagi, unga na dawa ya meno haviponyi kitu. Huleta uchafu katika kidonda na kumpa daktari kazi ya kukiosha upya.

Alilazwa hospitalini wiki kumi. Madaktari walichukua ngozi nyembamba kutoka mapajani mwake, wakaipandikiza mkononi na shingoni. Sisi huku nje tulifanya harambee, tukachanga, tukapanga zamu za kumpelekea uji. Siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani tulichinja kuku, tukaomba, tukashukuru, tukatawanyika tukidhani yamekwisha. La hasha! Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Moto huunguza kwa dakika chache, hospitali hutibu kwa wiki au miezi, lakini kupona kwenyewe aghalabu hufanyika nyumbani, na huchukua mwaka mmoja, miwili, hata zaidi. Kwa bahati mbaya, umati wa wasaidizi hujaa pale mwanzoni, wakati ambapo wauguzi wapo, na hutoweka pale mgonjwa anapobaki na mke, mtoto mchanga, na karatasi moja ya maagizo kutoka hospitalini.

Karatasi hiyo ilieleza kwamba kiwiko na shingo vinyooshwe mara kadhaa kila siku, kwamba usiku mkono ufungwe gango la kuuweka wima, na kwamba mgonjwa asilalie mto. Shemeji alikuwa na mtoto wa kunyonyesha na kibanda cha mboga sokoni kilicholisha nyumba. Tukakubaliana kwamba yeye atasimamia mazoezi ya asubuhi, nami ya jioni baada ya masomo.

Siku ya kwanza niliushika mkono wa rafiki yangu, nikaunyoosha kidogo. Akapiga ukelele ambao hata leo nikiukumbuka nywele hunisimama. Niliuachilia mara moja. Siku ya pili nikajaribu kidogo zaidi, machozi yakamtoka, nikaacha. Siku ya tatu nilimwambia shemeji, "Tumwache apumzike, ameteseka vya kutosha." Nikamwekea mto chini ya kichwa na mwingine chini ya kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa juu ya kifua, maana hivyo ndivyo alivyopata nafuu. Gango nalo tukaliegemeza ukutani. Kwa wiki tatu nilikwenda kwake kila jioni, nikamsomea gazeti, nikarudi kwangu nikijiona rafiki wa kweli.

Tuliporudi kliniki, mkono haukunyooka. Kidevu nacho kilikuwa kimeanza kuvutwa kuelekea kifuani. Mama mtaalamu wa viungo alitutazama sote watatu, akauliza ni nani aliyemwekea mgonjwa mto. Nilijitaja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, ule mkao anaoupenda ndio utakaomlemaza."

Kisha akatueleza. Ngozi inayomea mahali palipoungua si kama ile ya kwanza. Hutuna, huwa ngumu, tena hujivuta na kupungua, kama ngozi ya ngoma inayowambwa na kuanikwa juani. Ikiwa imepita juu ya kiungo, mathalani kiwiko, kwapa, vidole au shingo, hukivuta kiungo hicho mpaka kikunjamane. Mgonjwa naye kwa sababu ya uchungu hujikunja, na kwa kujikunja huirahisishia ngozi kazi yake. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa aliyeungua methali hiyo yafaa igeuzwe: kiungo kinyoosheni ngozi ingali mbichi, maana ikikomaa huenda ikawalazimu mrudi kwenye kisu cha daktari.

Usiku ule sikulala. Huruma yangu ndiyo iliyoukunja mkono wa rafiki yangu. Nilikuwa nimejihurumia mimi mwenyewe, kwa sababu sikutaka kusikia kilio chake, nikakiita kitendo hicho upendo.

Kesho yake tulifanya mapatano. Angemeza dawa ya kutuliza maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, kama alivyoelekezwa. Tungeipaka ngozi mafuta na kuisugua taratibu ili ilainike. Kisha ningenyoosha, naye angehesabu kwa sauti hadi thelathini, na kabla ya thelathini mimi sina ruhusa ya kuachilia. Hayo ya kuhesabu aliyazua yeye. Aliniagiza pia nilete kile kipimapembe kikubwa cha mbao tunachotumia ubaoni. Kila Jumamosi tulikiweka kwenye kiwiko chake na kuandika nyuzi katika daftari. Juma la kwanza tulipata 115. Baadaye 120, kisha 118, maana kuna majuma ya kurudi nyuma, halafu 131. Siku moja nilijaribu kumwongezea nyuzi mbili ili kumtia moyo. Akanitazama. "Mwalimu," akasema, "soma kilichoandikwa. Mtu akinidanganya nitajuaje kama napona?"

Fauka ya mazoezi, nilijifunza mengine mengi ambayo hayamo vitabuni mwetu. Mwili unaoziba vidonda vikubwa hula sana, nao huhitaji vyakula vya kujenga mwili: mayai, maharagwe, ndengu, maziwa, omena. Lile yai ambalo nusura nilivunje juu ya kidonda, mahali pake palikuwa kwenye sahani. Mwasho wa makovu humkosesha mtu usingizi kuliko maumivu yenyewe, na dawa yake si kukuna bali kupaka mafuta na kupapasa. Makovu machanga huumizwa na jua, kwa hiyo kofia na mikono mirefu ni lazima. Lile vazi la kubana linalosaidia kulaza kovu huvaliwa mchana na usiku kwa miezi mingi, hata katika joto la Januari, na huvuliwa wakati wa kuoga na kujipaka mafuta tu. Haya yote huhitaji mtu wa karibu. Hayamhitaji daktari.

Lakini kuna jeraha ambalo kipimapembe hakikulifikia. Wageni waliokuja walimwangalia usoni, wakainamisha vichwa, wakatokwa na machozi. Ikawa ni yeye mgonjwa anayewafariji wazima. Baada ya muda alianza kumwambia shemeji aseme amelala. Kioo cha sebuleni aliomba kiondolewe. Mimi nami sikuwa bora. Niliona nimezoea kuzungumza nikiukodolea macho ukuta.

Aliyemtoa katika giza hilo alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Alibisha hodi Jumapili moja akiwa na kitabu cha Hisabati. Alimsalimu mwalimu wake akimtazama machoni, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Swali la nne limenishinda." Hakulia, wala hakuuliza habari za moto. Rafiki yangu aliitisha kalamu, akaandika kwa ule mkono wenye makovu, herufi zikipindapinda, mpaka jibu likapatikana. Jumapili iliyofuata walikuja wanne. Sisi wengine tulikuwa tumempelekea matunda na pole. Kijana yule alimpelekea kazi, na kwa kumpa kazi alimwambia kwamba bado ni mwalimu.

Alirudi darasani Mei 2018. Kabla hajaingia aliniomba nisiwahutubie wanafunzi kwa niaba yake. Aliwaambia mwenyewe yaliyompata, akawapa dakika tano za kuuliza watakalo, kisha akageukia ubao. Muhula ule hakuna aliyempa jina la utani.

Walimu wenzangu, jambo hili si la rafiki yangu pekee. Mwaka wa 1998 tuliwapoteza wasichana 26 katika bweni la Bombolulu. Mwaka wa 2001 tuliwapoteza wavulana 67 kule Kyanguli, na mwaka wa 2024 wavulana 21 kule Endarasha. Hesabu za waliofariki tunazikumbuka, na ni haki tuzikumbuke. Je, waliookoka na makovu nani anakumbuka hesabu yao? Nani alijua walirudi shule gani, walikaa dawati lipi, na ni nani aliyewanyoosha vidole ili waweze kushika kalamu? Tena wengi wanaoungua hawaungulii katika mikasa inayotangazwa redioni. Huungulia nyumbani, kwa chai, kwa uji, kwa stovu na jiko la makaa. Wamo madarasani mwetu, wamevaa sweta wakati wa joto, na hawanyooshi mkono wakiulizwa swali. Yamkini hawanyooshi kwa sababu haunyooki.

Mwalimu aliye na mwanafunzi wa namna hiyo amwite faraghani amuulize anasaidiwaje, amruhusu kofia na kivuli wakati wa gwaride, amwongezee dakika za kuandika, na ampe majukumu kama wenzake. Nanyi wanafunzi, mtazameni mwenzenu machoni. Msimwite kwa kovu lake, wala msimkimbie kwa kuogopa mtakosea la kusema.

Rafiki yangu angali anafundisha. Shingo yake inageuka vyema, na kioo kilirudi sebuleni zamani. Kiwiko kilifika nyuzi 170 kikasimama hapo. Mkono mnyoofu ni 180. Mtaalamu alituambia kwamba huenda hata bila zile wiki tatu za mwanzo kisingefika mwisho. Alisema hivyo kwa wema, nami nilimshukuru. Lakini kila nimwonapo akiinua mkono kufuta ubao na kushindwa kufika pembeni juu, huzikumbuka nyuzi kumi zilizobaki, na ule mto niliomwekea kwa mikono yangu. Ukiwa na rafiki aliyeungua, usiende kwake na machozi. Nenda umuulize leo ni zamu ya kiungo gani, ukishike, na uhesabu naye hadi thelathini.