Java: kazi ni ya wengi, jina ni la kompani moja

Ndugu wachimbaji, na bamama wetu wa nyumbani, programu mingi za telefone ya Android munayoshika ziliandikwa na Java. Java si lugha ya mudomo. Ni lugha ambayo mafundi wanaandikia ordinatere amri zake. Sisi wa sendika tunaizungumzia kwa sababu inaonyesha namna kazi ya wengi inakuwa mali ya mumoja.

Kompani ya Marekani, Sun Microsystems, ilitoa Java mwaka 1995. Kuanzia 2006 ikafungua maandishi yake: kila mutu aweze kuyasoma, kuyatengeneza na kuyagawa bila kulipa. Mafundi wa inchi mingi wakaweka jasho lao. Mwaka 2010, Oracle ikanunua Sun kwa dolari zaidi ya miliari 7. Maandishi yakabaki wazi, lakini jina "Java" likaenda kwa mununuzi.

Mwaka uleule Oracle ikashitaki Google juu ya Android. Kesi ikapita miaka 10. Mwezi wa 4 mwaka 2021, Korti Kuu ya Marekani ikapatia Google haki, majaji 6 kwa 2.

Kisha ikakuja bei. Tangu Januari 2023, kompani inayolipia Java ya Oracle inalipa kufuata hesabu ya wafanyakazi wake wote, hata wale hawagusi ordinatere. Bei iliyotangazwa kwa kompani ndogo ilikuwa dolari 15 kwa mutu kwa mwezi. Na watu wa sous-traitance wanaosaidia kazi ya kompani, nao wanahesabiwa.

Tuangalie vizuri hapo. Kwetu kwenye mashimo, siku ya mushahara mutu wa sous-traitance anaambiwa: weye hauko wa kompani. Kwa Oracle, siku ya kulipisha, mutu kama huyo ni mufanyakazi kamili. Mwenye kuandika kontra njo anaamua nani ni mufanyakazi.

Lakini mulango haukufungwa wote. Kwa sababu ruhusa ya Sun iliandikwa, Oracle haikuweza kuirudisha. Leo Amazon, Red Hat na wengine wanatoa Java yao ya bure kutoka maandishi yaleyale.

Njo maana tunaomba madelege wetu: mbele ya kutia sahihi, musome kwanza fasi ile kontra inasema "mufanyakazi" ni nani. Kama sous-traitance haiko ndani, muiandikishe. Ahadi ya mudomo inaondoka na mukubwa aliyeisema.