Kijana wa Karatu Aliyetangulia Mbele

Msafiri atokaye Arusha kwenda Kreta ya Ngorongoro hana budi kupita Karatu. Wageni wengi husimama hapo kwa muda mfupi, kisha hupanda mlima kwenda kutazama faru na simba. Sisi twaona kuwa nchi hiyo ya mashamba na udongo mwekundu imetoa jambo jingine la kutazamwa, nalo ni binadamu. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu.

Wakati ule wakimbiaji wa mita 1,500 walikuwa na desturi ya kujificha nyuma ya wenzao na kuvizia mzunguko wa mwisho. Bayi aliikataa desturi hiyo. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu mwanzo, akabaki mbele hata mwisho. John Walker, kijana wa nchi ile ile, alimfukuza mbele ya watu wake mwenyewe asimpate. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Mbio zile zilikuwa kali hata Walker, aliyekuwa wa pili, naye aliipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Mwezi Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi alimpokonya Ryun rekodi ya maili pia, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Miezi mitatu baadaye Walker aliichukua.

Basi dunia nzima ikangoja wawili hao wakutane Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, na damu ya watoto wa Soweto, iliyomwagika mwezi Juni, ilikuwa haijakauka. New Zealand haikuondolewa mashindanoni, na nchi za Afrika zaidi ya ishirini, Tanzania ikiwamo, zikasusia. Walker alipata dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Tusijidanganye kwa kulinganisha saa tu: fainali ya Olimpiki hukimbiwa kwa hila, wala hakuna ajuaye Bayi angefanyaje. Lakini alikuwa na umri wa miaka 23, na umri huo haurudi.

Wapo wanaosema kwa dharau kuwa Bayi hakupata dhahabu ya Olimpiki. Ndugu hao huhesabu medali wakasahau kuhesabu gharama. Uhuru wa ndugu zetu wa kusini ulidai michango ya namna nyingi. Wako waliotoa fedha, wako waliotoa damu, na huyu alitoa mwaka mmoja ambao mwanariadha hupata mara moja maishani.

Moscow, mwaka 1980, alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Kwa mara nyingine alitangulia mbali. Bronisław Malinowski wa Poland alimpita katika mzunguko wa mwisho, na Bayi akapata fedha. Suleiman Nyambui alipata fedha nyingine katika mita 5,000. Hata Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipokwisha, Tanzania haikuwa imeongeza medali ya tatu ya Olimpiki juu ya hizo mbili.