Fedha za Shule Ndogo na Makato ya Mazao: Hesabu Zinazowapasa Wanachama Kuzielewa

Kila msimu wa kahawa unapokaribia, na makisio ya vyama vya msingi yanapofikishwa mbele ya mikutano mikuu, huzuka swali lile lile. Mwanachama mmoja husimama na kueleza kwamba paa la shule ya kijiji linavuja, kwamba watoto wa darasa la pili na la tatu wanaketi chumba kimoja chini ya mwalimu mmoja, na kwamba yafaa chama kikate shilingi kadhaa katika kila kilo ili kuinusuru shule hiyo. Mwingine hujibu kwamba elimu ya msingi ni bila malipo, kwa hiyo mkulima asikatwe hata senti moja. Wote wawili wana hoja. Lakini mara nyingi wote wawili huzungumza bila kujua shule yao hupata fedha kiasi gani, wala fedha hizo zimekusudiwa kazi gani, na mkutano hupiga kura juu ya jambo lisilopimwa.

Ada ya shule za msingi imefutwa zaidi ya mara moja katika nchi hii. Ilifutwa mwaka 1973, na baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 vijiji vilibeba mzigo mkubwa wa kujenga madarasa ili kila mtoto apate nafasi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na hata baada ya Sheria ya 1982 kuvirejesha, desturi ya kijiji kuchangia shule yake ilikwisha kuota mizizi. Michango ya wazazi ilirudi katika miaka ya themanini, ikafutwa tena mwaka 2001 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Hapo ndipo serikali ilipoweka ruzuku ya kila mwanafunzi ya dola 10 za Marekani kwa mwaka, kiasi kilichokaribia shilingi 10,000 za wakati ule.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliendeleza kiwango cha shilingi 10,000. Kati ya hizo, shilingi 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule kwa ajili ya uendeshaji. Msomaji aangalie vizuri hapa. Mwaka 2016 dola 10 zilikuwa zaidi ya shilingi 20,000. Tarakimu katika waraka haikubadilika, ila uwezo wake wa kununua chaki, karatasi na misumari ulikuwa umepungua sana. Mkulima aliyewahi kuuza kahawa kwa bei ile ile miaka kadhaa mfululizo huku bei ya mbolea ikipanda hahitaji maelezo zaidi.

Kasoro ya pili haionekani upesi, nayo ndiyo inayozielemea shule ndogo. Ruzuku hufuata kichwa cha mwanafunzi, bali gharama nyingi za shule hazifuati kichwa. Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 120 na nyingine yenye wanafunzi 900. Kwa shilingi 6,000 kwa kila mmoja, ya kwanza hupata shilingi 720,000 kwa mwaka, yaani shilingi 60,000 kwa mwezi. Ya pili hupata shilingi 5,400,000, yaani shilingi 450,000 kwa mwezi. Sasa shule zote mbili zina madarasa saba. Zote mbili hutunga mtihani wa kila somo kwa kila darasa, na kazi ya kuutunga na kuupiga chapa ni ile ile, wawe watahiniwa 15 au 130. Nauli ya mwalimu mkuu kwenda benki na kurudi haipungui kwa sababu shule yake ni ndogo. Pengine huzidi, kwa kuwa shule ndogo mara nyingi ndizo zilizo mbali na barabara. Mvua nayo huangukia mapaa yote mawili.

Kwa hiyo si haki kumshuku mwalimu mkuu wa shule ndogo kwa sababu tu mwenzake wa shule kubwa amepaka chokaa kuta zake. Shilingi 60,000 kwa mwezi zikitolewa karatasi, chaki na nauli, kinachobaki hakiwezi kuezeka hata chumba kimoja.

Hali hiyo haiko sawa nchini kote. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wa Tanzania waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka tangu sensa ya 2012. Mkoani Geita watu waliongezeka kutoka 1,739,530 hadi 2,977,608 katika muda huo, lakini mkoani Kilimanjaro waliongezeka kutoka 1,640,087 hadi 1,861,934 tu. Huko Geita tatizo ni watoto kubanana. Katika vijiji vya mlimani, ambako vihamba vimegawanywa hata havigawanyiki tena na vijana wamekwenda mijini, lipo tatizo la upande wa pili: shule iliyojengwa kwa nguvu za wazee kwa ajili ya mamia ya watoto sasa ina madarasa matupu, na kila mtoto anayehama huondoka na shilingi zake 6,000.

Walimu hulipwa na serikali kuu, si kwa ruzuku hii. Lakini hesabu yao pia hufuata kichwa, kwa kuwa kipimo ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule ya wanafunzi 120 kwa kipimo hicho inastahili walimu watatu, nayo ina madarasa saba. Katika takwimu za wilaya shule hiyo itaonekana imetimiza kipimo, hata imeneemeka. Ukienda pale asubuhi utakuta madarasa manne hayana mwalimu. Dawa zinazotajwa ni mbili: kufundisha madarasa mawili pamoja, jambo linalohitaji mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, au kuunganisha shule mbili jirani. Kuunganisha huonekana rahisi kwenye ramani. Wanachama wa mlimani wanajua maana ya mtoto wa miaka saba kuvuka korongo mwezi wa Aprili.

Inasikitisha kusema kwamba penye hesabu ya vichwa hapakosi vishawishi. Uhakiki wa serikali wa mwaka 2016 ulikuta makumi ya maelfu ya wanafunzi hewa katika shule za nchi hii. Wanaushirika hawana sababu ya kushangaa sana, kwani wao wamepata kuona magunia hewa katika vitabu vya maghala. Kinga ni ile ile: daftari la mahudhurio lilinganishwe na watoto walioketi darasani, kama leja inavyolinganishwa na shehena iliyomo ghalani, na mapato na matumizi ya ruzuku yabandikwe mahali wazazi wanapoweza kuyasoma.

Sasa turudi kwenye makato. Tuseme chama cha msingi kinakusanya kilo 40,000 za kahawa ya maganda, na mkutano unapendekeza shilingi 20 kwa kilo. Zitapatikana shilingi 800,000, kiasi kinachozidi ruzuku yote ya mwaka ya ile shule ya wanafunzi 120. Fedha hizo si kidogo. Lakini zikigawanywa kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 66,000 na ushei kwa mwezi, ambazo hazitoshi kumweka mwalimu wa kujitolea hata mmoja kwa heshima. Na msimu ukiwa mbaya mwalimu huyo ataachwa katikati ya mwaka. Kwa hiyo fedha ya zao, ambayo hupanda na kushuka, yafaa iwekwe katika jambo linalokwisha: mabati, madawati, matundu ya vyoo, tangi la maji. Isifungwe na jambo linalodai malipo kila mwezi.

Yapasa pia kutofautisha kati ya makato na ziada. Makato kwa kilo humgusa mkulima kabla hajapokea fedha yake, na huwaangukia zaidi wenye kilo nyingi, hata kama wajukuu wao wanasoma kwingine. Fungu linalotengwa katika ziada, baada ya akiba ya lazima kuwekwa, hutolewa pale tu chama kilipofanya vizuri. Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa Manchester mwaka 1995, inavitaka vyama kuijali jamii inayovizunguka, lakini inasema hilo lifanywe kwa sera zilizokubaliwa na wanachama wenyewe. Bodi haina ruhusa ya kuwa karimu kwa fedha za watu wengine.

Kuhusu upande wa shule, Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 uliwaachia wazazi sare, madaftari, kalamu na chakula cha wanafunzi wa kutwa, na ukakataza michango ya lazima. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango. Hivyo karani wa chama asimkabidhi mwalimu mkuu fedha taslimu, hata akiwa ni shemeji yake. Njia iliyo salama ni kamati ya shule kuandika haja yake, serikali ya kijiji kuipitisha, na mkurugenzi wa halmashauri kujulishwa. Kisha chama kilipe kwa hundi au kupitia benki, au kinunue kifaa chenyewe na kukikabidhi kwa hati. Stakabadhi ibaki katika jalada la chama, na mkaguzi aikute hapo.

Kabla ya kupiga kura, mkutano uiombe kamati ya shule mambo matatu kwa maandishi: idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, ruzuku iliyopokelewa katika miezi kumi na miwili iliyopita, na jambo moja tu linalohitajika kwanza. Wanachama wakishayaona hayo, ubishi wa "elimu ni bure" hupungua wenyewe. Chama ambacho makisio yake yamekwisha kupitishwa na kufikishwa kwa Mrajis hakiwezi kuingiza fungu jipya kwa uamuzi wa Bodi. Kitaitisha mkutano mkuu maalumu kabla ya kilo ya kwanza kupimwa, au kitangoja msimu ujao.