Mbwa wako mdogo akiugua

Mbwa wa miji ya Ituri ni mdogo. Urefu wake hata mabegani ni kama sentimeta 40, na uzito wake kilo 10, pengine pungufu. Habweki kama mbwa wa Ulaya. Kwa hiyo akienda mawindo hufungwa kengele ya mti shingoni, mwenyewe apate kujua yuko upande gani wa pori. Wazungu humwita Basenji, nao huko kwao humnunua kwa fedha nyingi. Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hii walipelekwa Uingereza ili watu wawatazame. Hawakukaa sana, ugonjwa ukawaua. Basi mbwa huyu ana nguvu porini, lakini si wa chuma.

Wewe unayekaa karibu na machimbo ya dhahabu wajua jinsi mambo yalivyo. Wanaume wako shimoni, na mbwa anabaki nyumbani na watoto. Anakamata panya na simbiliki, anakula makombo ya bugali, usiku analala na mtoto kwenye mkeka mmoja. Akiwa na wadudu, mtoto naye atapata wadudu. Ndiyo sababu tunaandika habari za magonjwa yake madogo, ambayo mtu aweza kuyatunza mwenyewe kwa sabuni, maji na mikono yake.

Neno moja kwanza. Usimpe mbwa dawa ya ng'ombe au ya mbuzi kwa kukisia. Dawa hupimwa kwa uzito wa mwili. Kipimo kidogo kwa ng'ombe wa kilo 300 ni sumu kwa mbwa wa kilo 10. Wala usimpe vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Kidonge kinachokuondolea wewe kichwa chaweza kumharibu yeye ini au tumbo.

Ugonjwa utakaouona mara nyingi ni vipele vyenye tundu. Tazama tumboni, miguuni, masikioni na chini ya mkia. Ukiona kivimbe kama jipu, na juu yake tundu dogo lenye maji, mle ndani mna funza wa nzi. Huyu si tekenya. Nzi wake ni wa rangi ya manjano iliyofifia. Hataga mayai katika mchanga wa kivuli wenye harufu ya mkojo, na katika nguo zilizoanikwa zikiwa bado mbichi. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hata tatu, na funza hungoja pale chini mpaka kitu chenye joto kilale juu yake. Mbwa akilala, funza huingia katika ngozi, hukaa humo siku 8 hata 12, kisha hutoka na kuanguka chini ili awe nzi.

Usimkamue kwa nguvu. Akipasuka ndani, jipu la kweli litafanyika. Funika tundu kwa mafuta mazito, vazelini au mafuta ya mawese yaliyoganda, ungoje kama nusu saa. Funza hupumua kwa tundu lile. Akikosa hewa husogea juu. Hapo bana ngozi kwa vidole viwili toka chini, polepole, naye atatoka mzima. Osha kwa maji na sabuni, umtupe funza motoni. Mbwa mkubwa huvumilia funza wengi, bali mtoto wa mbwa mwenye funza 20 au 30 aweza kufa. Yeye mtazame kila siku.

Lakini ukimtoa funza leo na kumlaza mbwa mahali pale pale, kesho kutwa ataingia mwingine. Mtengenezee kitanda cha fito, kiinuke kidogo toka chini, mahali pakavu. Fagia mchanga ule wa kivuli, uchome takataka. Nguo za nyumbani zianikwe juani, kisha zipigwe pasi pande zote mbili, kwa maana funza huyu haulizi kama ngozi ni ya mbwa au ya mtu.

Tekenya yeye hukaa vidoleni na katika nyayo. Hakuwa mdudu wa nchi hizi: mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimleta Ambriz, katika Angola, naye akapanda bara kwa miguu ya wapagazi, hata kabla ya mwaka 1900 alikwisha kufika pwani ya mashariki. Mtoe kwa sindano uliyoichemsha, kisha osha kidonda. Watu wengi huwatoa watoto tekenya na kumsahau mbwa. Basi tekenya wa mbwa hutaga mayai nyumbani, na watoto huanza tena.

Kupe na viroboto si kazi kubwa. Kupe mshike karibu kabisa na ngozi, umvute sawasawa bila kumpinda. Usimchome kwa moto. Viroboto huondoka kwa sabuni na kwa kufagia, maana mayai yao yako sakafuni kuliko katika manyoya.

Upele ni tabu zaidi. Mbwa hujikuna usiku na mchana, manyoya yanaanguka masikioni na kwenye viwiko, ngozi inakuwa nene kama ya mjusi. Hapa watu hufanya kosa baya: wanachukua mafuta machafu ya moteri za machimbo, au petroli, wanampaka mwili mzima. Mbwa hujilamba, mafuta yale yanamchoma ngozi na kumtia sumu tumboni. Wengine hudhani zebaki, ile dawa ya kukamata dhahabu, itaua upele. Zebaki ni sumu kwa mbwa na kwako pia; wala asinywe maji ya karai mlimooshea dhahabu. Tafuta salfa, ule unga wa manjano. Changanya kijiko kimoja cha salfa na vijiko 10 vya mafuta ya mawese. Mwoshe mbwa kwa sabuni, mkaushe, mpake kidogo mara mbili kwa juma, majuma manne. Asilale na watoto mpaka apone.

Akiharisha bila damu, na bado ana macho ya uzima, mbwa mkubwa akae nusu siku bila chakula, ila maji apate. Chemsha maji lita moja, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawa na nusu kijiko cha chumvi, yapoe, umnyweshe kidogo kidogo. Kisha mpe uji wa mchele. Mtoto wa mbwa usimnyime chakula. Akiharisha damu na kutapika, usingoje. Mtenge na wenzake, umpeleke kwa munganga wa nyama. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo wakiwa na majuma mawili, tena kila baada ya majuma mawili mpaka miezi mitatu. Ukichinja mbuzi, mapafu na maini yenye malengelenge yachome au yafukie. Mbwa akiyala mabichi, tegu wake atawaletea watu ugonjwa mbaya.

Sasa sikiliza jambo ambalo si dogo. Siku moja utamwona mbwa amefungua kinywa, udenda unatoka, hawezi kumeza. Utasema, «Mfupa umemkwama,» nawe utataka kutia mkono kooni. Usitie! Pengine ni mfupa kweli. Lakini kichaa cha mbwa huanza hivyo hivyo, taya likilegea, mbwa akiwa mpole kabisa. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia na kuuma watu. Mfungie chumbani pasipo kumgusa, umwite munganga. Mtu aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa hiki karibu hakuna anayepona.

Sindano ya kumkinga mbwa iko: achomwe akiwa na miezi mitatu, na tena kila mwaka. Mtu akiumwa, au udenda ukigusa kidonda chake, na aoshe mahali pale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku ile ile kuanza sindano. Dawa ya majani ya kufunga kidonda haitoshi.

Mbwa aliyeuma lakini aonekana mzima asiuawe. Afungwe, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Aliyeumwa asizingoje siku hizo. Mbwa akiwa mzima bado siku ya kumi, apeleke habari kwa munganga, naye ataamua kama sindano zilizobaki ziachwe.