Samaki alishwapo funza, tumboni mwake hutokea nini?

Mama apimiwaye omena kwa gorogoro huko Gikomba hushindana na wanunuzi wasio na nia ya kuwapika. Hao huwapeleka omena kusagwa wawe chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa. Ndipo bei ipandapo, na mtoto wa Kayole akakosa kitoweo.

Sasa wataalamu wamegeukia funza. Usikunje uso, msomaji! Hawa ni mabuu wa nzi askari mweusi, nzi ambaye akishakua haumi mtu. Mabuu hao hula maganda ya ndizi, mboga zilizonyauka na makombo ya hotelini, kisha hukaushwa na kusagwa. Kituo cha Icipe jijini Nairobi, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimewachunguza kwa miaka mingi. Umoja wa Ulaya nao uliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki wa kufugwa Julai 2017.

Lakini samaki si debe la kutiwa chochote. Utumboni mwake mna bakteria wengi mno. Wako wanaomsaidia kusaga chakula, na wako wanaojaza nafasi hata wale wa maradhi wakose pa kukaa. Ukibadilisha chakula, umewabadilisha na wapangaji hao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Insubria, huko Italia, walilijaribu jambo hili kwa trauti, samaki yule yule apatikanaye katika mito baridi ya Mlima Kenya. Walitia unga wa mabuu chakulani kwa kiasi cha asilimia 10, 20 na 30. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba aina za bakteria ziliongezeka utumboni, wakiwemo wa ile jamii inayogeuza maziwa yakawa mala.

Kwa nini? Ganda la mdudu, kama lile la kamba, lina kitu kigumu kiitwacho kitini. Samaki hawezi kukisaga chote. Kinachobaki huwa chakula cha bakteria, kama vile makapi ya nafaka yafanyavyo matumboni mwetu. Tena mafuta ya mabuu hao yana asidi ya lauriki kwa wingi, ile ile iliyomo katika nazi wanayoikuna watu wa Pwani kila siku. Asidi hii huua baadhi ya bakteria na kuwaacha wengine.

Basi mfugaji asije akadhani kwamba funza wakizidi ndivyo bora. Kitini kikizidi, chakula hakisagiki vyema na samaki hudumaa. Mabuu waliolelewa katika uchafu wasikaushwe sawasawa, nao waweza kupeleka vijidudu bwawani. (Soya, ambayo wengi huisifu, huvimbisha utumbo wa samaki aina ya salmoni, kwa hiyo hakuna chakula kisicho na lake.)

Na mlaji je? Bakteria tunaowazungumzia hukaa utumboni, na utumbo huo ndio mpasua samaki autupao kando pale sokoni, paka wakaugombania.