Kisima karibu na mabaki ya mgodi: kuchemsha maji hakutoshi



Tunasikia mara nyingi: «Mayi ya kisima yetu iko safi, na tunachemshaka.» Kuchemsha kunaua mikrobe, tusikuache. Lakini sumu ya madini haifi kwa moto. Maji yakipungua kwenye nyungu, sumu inabaki yote, na inazidi kuwa kali. Javeli nayo haiitoe.

Tuchukue Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi. Kuanzia miaka ya 1920 mpaka 1993 walichimba pale shaba na zinki. Mawe yalisagwa, madini yakatolewa, matope yaliyobaki yakamwagwa nje. Mgodi ulianza tena kazi mwaka 2024, ila matope ya zamani bado yako pale, na ndani yake kuna risasi, kadimiumu na aseniki.

Mvua inapita ndani ya matope hayo, inayeyusha sumu kidogo kidogo na kushuka nayo mpaka maji ya chini ya udongo, yale tunayovuta kisimani. Tena upande ule mwamba mwingi wa chini ni dolomia, jiwe lenye nyufa na mapango. Udongo unachuja kidogo. Katika nyufa maji yanakimbia kama ndani ya bomba. Njo maana kuhesabu hatua kati ya kisima na lundo hakusaidie sana. Tuulize kwanza: maji yanaelekea wapi? Mara nyingi yanafuata mteremko kwenda mtoni. Kisima cha upande wa chini, hata kama kiko mbali, ndicho cha kupima kwanza.

Ulimi hauwezi kupima: risasi katika maji haina harufu wala ladha. Mukipeleka maji kwenye labo, muombe risasi, kadimiumu na aseniki kwa majina, maana mara nyingi wanapima mikrobe tu. Mpaka wa OMS ni mikrogramu 10 kwa litre kwa risasi na kwa aseniki, 3 kwa kadimiumu. Mupime mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Risasi, hata kidogo, inaharibu ubongo wa mtoto. Mukingoja majibu, watoto na wamama wenye mimba wanywe maji ya kwingine.

Na bustani? Lengalenga na mboga zingine za majani zinavuta kadimiumu kuliko mahindi. Chokaa kwenye udongo wenye uchachu inapunguza, haimalizi. Majibu yakiwa mabaya, kisima hicho kisimwagilie tena mboga za soko, na majirani wanaochota pale waambiwe siku ileile.