Hadithi Inayomwachia Mtoto Upelelezi

Hadithi fupi za upelelezi zinazomtaka mtoto afumbue fumbo mwenyewe hukatika pale hasa zinaponoga. Mpelelezi amekwisha kumjua mwongo, lakini hasemi amemjuaje. Msomaji huulizwa swali moja tu, kisha huachwa na kurasa alizokwisha kuzisoma. Akishindwa, hufunua nyuma ya kitabu, kama anayetegewa kitendawili anavyotoa mji ndipo aambiwe jibu.

Mtindo huu ulipata umaarufu mkubwa kwa kazi ya Donald J. Sobol, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1924. Siku moja, akitafuta kitabu katika maktaba ya jiji hilo, alipewa kwa makosa kitabu cha mafumbo, maswali mbele na majibu nyuma. Kosa hilo likamzalia wazo. Wachapishaji wengi waliukataa mswada wake, hadi mwaka 1963 kilipotoka Encyclopedia Brown, Boy Detective, kitabu cha kwanza cha mfululizo alioendelea kuuandika hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2012.

Shujaa wake ni Leroy Brown, mvulana wa miaka 10 anayeishi Idaville, mji wa kubuni. Amesoma vitabu vingi mno hata watu wakambandika jina la Encyclopedia. Baba yake ni mkuu wa polisi wa mji, na kesi zinazomtatiza huletwa mezani wakati wa chakula cha usiku. Watoto wenzake nao humfuata kwenye gereji ya nyumbani, ambako hupeleleza kwa senti 25 kwa siku, gharama mbali. Msaidizi wake, Sally Kimball, ndiye mwenye ngumi nzito. Mkorofi wao wa kila siku ni Bugs Meany, kiongozi wa genge la watoto.

Kesi ya upanga, iliyomo katika kitabu hicho cha kwanza, inaonyesha vizuri ufundi wenyewe. Bugs anataka kubadilishana upanga wa kale na baiskeli ya mtoto mwenzake. Anadai ulikuwa wa Jenerali Thomas Jackson, wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Maandishi yaliyochongwa juu yake yanaeleza kwamba askari wake walimtunuku Agosti 1861, kwa ushujaa wake katika Pambano la Kwanza la Bull Run la mwezi uliotangulia.

Uongo umekaa katika neno moja: "kwanza". Agosti 1861 hapakuwa na mtu aliyejua kwamba watu wangepigana tena mahali pale. Pambano la pili lilikuja mwaka uliofuata. Tena askari wa Kusini waliliita pambano hilo Manassas. Bull Run lilikuwa jina la watu wa Kaskazini.

Dalili hizo mbili hazilingani. Ya Manassas humfaa aliyesomeshwa historia ya Marekani. Mtoto wa Tanga au Kisumu hawezi kuikisia hata akili yake iwe kali namna gani. Ile ya "kwanza" haidai elimu yoyote ila kusoma kwa makini, na ndiyo iliyo bora. Fumbo la haki huweka kila kinachohitajika mbele ya macho ya msomaji. Baadhi ya kesi za Sobol hukosa sifa hiyo, kwa kuwa jibu hutegemea jambo ambalo mtoto ama analijua ama halijui.

Kesi nyingine hutimiza haki hiyo kikamilifu. Katika mojawapo, mwenye duka anasimulia jinsi alivyoibiwa na mtu ambaye wakati wote walikuwa wakitazamana ana kwa ana, kisha anataja mkanda ulio mgongoni mwa koti la mwizi huyo.

Mwandishi wa hadithi ya namna hii huanzia mwisho: hutafuta kwanza uongo, kisha hujenga tukio la kuuficha. Kidokezo huchanganywa na mambo ya kawaida, rangi ya nguo, saa, mahali mtu aliposimama, ili jicho la haraka lipite juu yake. Kwa hiyo mwalimu anayezitumia darasani hufanya vyema kuzificha kurasa za majibu, na kumtaka kila mtoto anayemtaja mkosaji aonyeshe kwa kidole sentensi iliyomfichua.